Semina Iliyopanda Mpepai

Mbamba Bay,
8 Oktoba 1996

Kaka Kilian,

Shikamoo. Dereva aliyeichukua barua hii ameapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba ataifikisha wiki hii, ingawa mama yake nilimwona sokoni Jumapili. Mimi ni mzima. Joto la kando ya ziwa limeanza na usiku tunalala milango wazi. Msalimie wifi Notburga. Mwambie Mama kikohozi kimekwisha kwa majani yake, hana haja ya kutuma mengine.

Uliuliza kazi yangu hasa ni ipi katika taasisi hii ya chuo kikuu, maana Shangazi Bonifasia anawaambia watu kanisani kwamba nafuga samaki. Sifugi. Wanaochunguza viumbe hai ni watafiti. Mimi nachapa barua, nabandika matangazo ubaoni, na kila Jumatano mchana nafungua ukumbi kwa ajili ya semina. Semina ni hivi: mtu anasimama gizani akieleza alichokiona ziwani, wenzake wanatazama picha ukutani, halafu taa zinawashwa na Profesa Justin, mkuu wetu, anasema, “Tunakaribisha maswali.” Anayeuliza haulizi. Anaeleza yeye alichokiona mwaka juzi, kisha mwishoni anapandisha sauti kidogo ili lionekane ni swali. Hapo ndipo naingiza chai. Nimegundua kwamba chai ikichelewa, sayansi inarefuka.

Jumatano iliyopita mtoa mada alikuwa Bwana Rodrick, kijana wa Upare aliyekuja kusomea samaki wa huku. Kumbe kuna samaki ambao dume hujenga kichuguu cha mchanga chini ya maji, akichota kwa mdomo, kisha anakaa pale kusubiri. Jike hupita akikagua. Asiporidhika huenda kwa jirani. Bwana Rodrick alieleza vizuri sana. Bwana Rodrick hasomi kwenye karatasi kama wengine. Hakupata nafasi ya kunywa chai kwa kuwa walimzunguka, nikamwekea ya kwake pembeni. Ni mtu wa kawaida tu.

Nimesikia Ignatio, mnunuzi wa kahawa, anafika sana hapo nyumbani. Natumaini anafuata kahawa.

Mdogo wako,
Getrude


Mpepai,
3 Novemba 1996

Mdogo wangu Getrude,

Marahaba. Barua yako imefika ndani ya tenga la usipa, kwa hiyo niliisoma nikizungukwa na paka wa kijiji kizima. Dereva wako aliharibikiwa na gari njiani, akamkabidhi mama mmoja mchuuzi wa samaki, naye akapitia kwanza kwa dada yake, kijiji cha Ruanda, kumsaidia kujifungua. Mtoto ni wa kiume. Nakupa habari hiyo kwa sababu barua yako imekuwa sehemu ya ukoo wao.

Huku tu wazima. Mama amefurahi kusikia majani yamekuponya. Nimeyaambatanisha mengine, sikuweza kumzuia.

Mwaka huu kahawa ilikuwa na wanunuzi wengi kuliko inzi. Zamani ulikuwa ushirika peke yake: unapeleka, unangoja, mpaka unasahau unangoja nini. Siku hizi kijana yeyote mwenye mizani na gari anasimama shambani kwako akikusifia kahawa, jambo ambalo ushirika haukuwahi kutufanyia. Ignatio ni mmoja wao. Anafuata kahawa, ndiyo. Ila kahawa ilikwisha mwezi wa tisa na yeye bado anakuja. Anakaa barazani na Shangazi wanakunywa chai.

Shangazi unamjua. Tangu Baba afariki, hakuna binti wa ukoo huu anayeolewa kabla Shangazi hajaguna. Sasa ameguna. Anataka Ignatio apewe jibu kabla ya Pasaka. Anasema msichana wa umri wako anayekaa kando ya maji bila mume ni kibuyu kilichosahauliwa mtoni. Nimemwomba tusubiri mwezi wa tatu tutengeneze mashimo yetu ya ngolo shambani kwanza. Nimesema mikono ina kazi, vinywa vingoje.

Kuhusu yule mtu wa kawaida. Nimesoma barua yako taratibu na nimeona kwamba taasisi hiyo ina watafiti wengi wasio na majina, na mmoja mwenye jina. Sisemi kitu. Ila samaki dume, kwa maelezo yako mwenyewe, hujenga kwanza. Yeye amejenga nini?

Kaka yako,
Kilian


Mbamba Bay,
12 Desemba 1996

Kaka,

Shikamoo. Majani yamefika. Nimemgawia Profesa Justin, naye anakohoa. Wifi aliomba kitenge, nimempata mama wa meli ataniletea. Swali lako la kujenga sikulielewa, kwa hiyo silijibu.

Tulikuwa na Siku ya Jamii. Wafadhili wanataka taasisi iwe karibu na wananchi, basi mara moja kwa mwaka tunafungua geti na wananchi wanaingia kutuangalia. Wavuvi walikuja wengi. Mmoja alizitazama chupa zote ambazo samaki wamehifadhiwa kwa dawa, akamuuliza Bwana Rodrick:

“Kwa hiyo mnawavua, mnawaua, halafu hamwali?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi poleni sana.”

Akampa mkono, kama msibani. Fulana za bure zilipokwisha, jamii nayo ikaisha. Profesa alibaki peke yake kwenye viti, na hotuba yake mfukoni. Nilimwonea huruma. Anaamini kabisa kwamba ipo siku watu watakuja kwa ajili ya maneno.

Jambo dogo la mwisho. Kuna mtu hapa, simtaji, anachunguza mila zetu sisi Wamatengo. Anauliza: mgeni asiye na ndugu mkoa huu, baba yake mzee na yuko mbali kaskazini, anaweza kupanda lori akaja kujisemea mwenyewe kwa kaka wa mtu? Ni swali la kisayansi. Angependa jibu kabla ya Pasaka.

Getrude


Mpepai,
26 Januari 1997

Mdogo wangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya ambao barua yako imeufikia ukiwa tayari umezeeka. Barabara ilikatika kule mteremkoni. Mahindi yamesimama vizuri. Mbuzi wa jirani wameyaonja na wanakubaliana nami.

Mwambie mtafiti wako kwamba jibu la kisayansi ni hapana. Hata awe na digrii za kujaza tenga. Huku mwanaume anayejisemea huonekana hana watu, na asiye na watu, siku akiharibu tutamwita nani? Tunataka msemaji mwenye mvi, mtu ambaye ataona haya mbele zetu mambo yakienda vibaya. Kijana mwenyewe hubeba mzigo, hukaa nyuma, na hafungui mdomo mpaka aitwe. Ninavyosikia, huyo wa kwako anaweza kuzungumzia mchanga mpaka chai ipoe. Hapo pa kunyamaza ndipo patakapomshinda.

Shangazi amekwisha sikia kwamba kuna kijana wa Upare mahali fulani, na kwa hesabu yake huyo ni Mlutheri. Usiniulize amesikiaje, mimi nilimsomea barua zako kipande tu. Amesali rozari nzima akinitazama.

Ignatio yupo na chai inaendelea.

Jambo jingine, halihusiani na hayo. Hii Siku yenu ya Jamii, mbona ni ya watu wa ziwani peke yao? Sisi wa milimani si jamii? Tuna udongo, na udongo una viumbe hai, naviona kila nikiinua jembe. Nauliza tu. Profesa wenu ana mvi kiasi gani?

Kilian


Mbamba Bay,
20 Februari 1997

Kaka,

Shikamoo, na salamu nyingine nitazitoa nikitulia.

Profesa amepokea barua ya mwaliko kutoka Umoja wa Wakulima wa Ngolo, Mpepai. Mimi nimezaliwa Mpepai na sijawahi kuusikia umoja huo. Mwenyekiti wake ana mwandiko wako. Profesa aliisoma barua hiyo mbele ya semina mara mbili. Anasema tangu aanze kazi, taasisi ndiyo inayojialika kwa jamii, hii ni mara ya kwanza jamii kuialika taasisi. Amekubali. Watafika Jumamosi, tarehe 15 Machi. Atatoa mada mwenyewe juu ya viumbe wa udongoni. Mtaona minyoo ukutani, mikubwa kama nyoka, uwaandae wazee.

Bwana Rodrick atakuja naye kuendesha jenereta na mashine ya picha. Hatasema kitu kwa kuwa mada si ya samaki. Na wewe umeandika, “Msaidizi kijana abebe vifaa na akae nyuma.” Sentensi hiyo nimeirudia mpaka naijua kwa moyo. Umeandika tena, “Mwandishi wa ofisi abaki kulinda ofisi.” Kaka, mwandishi wa ofisi ni mimi.

Profesa hajui lolote. Ni mtu mwema na ana shinikizo la damu. Nakuomba usimfanyie jambo.

Getrude


Mbamba Bay,
20 Machi 1997

Kaka,

Shikamoo. Wamerudi.

Gari lina matope hadi juu ya paa. Profesa alishuka amekumbatia jogoo mwekundu. Sasa hivi jogoo huyo amefungwa kwenye mguu wa meza yangu na anakula matangazo ya semina. Nilimuuliza Profesa mada ilikwendaje. Akasema, “Getrude, maswali yalikuwa mengi, na yote yalikuwa maswali kweli.” Nikauliza maswali gani. Akasema matokeo hayajatangazwa, na kwamba yatatangazwa na wenye mamlaka. Akaenda zake akitabasamu.

Nikamwendea Bwana Rodrick. Viganja vyake vina malengelenge.

“Umefanya nini mikono?”

“Nimekatazwa kusema.”

“Na nani?”

“Na mkuu wa msafara.”

Zaidi ya hayo hajasema neno tangu warudi. Ofisi imekuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Nilikuwa nadhani maneno yake yananichosha.

Pasaka ni wiki ijayo. Shangazi atampa Ignatio jibu gani? Niandikie. Usinitumie majani, nitumie habari.

Getrude


Mpepai,
31 Machi 1997, Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu Getrude,

Marahaba. Tumesali, tumekula, Mama ni mzima, wifi yako anasema kitenge kimemkaa. Sasa habari.

Gari la taasisi lilikwama kwenye kona ya chini ya kanisa. Mwenye mnyororo hapa kijijini ni mmoja tu, naye ni Ignatio. Akafunga pikapu yake mbele, akawavuta mpaka uani kwangu, akashuka, akanawa, akakaa nao. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba hatukumtendea Ignatio haki. Yeye ndiye aliyewaleta.

Viti nilivipanga sengu, lile banda ambamo wanaume wa ukoo tunakula pamoja na kumaliza mashauri. Unajua lililosemwa sengu limesemwa. Getrude, sikumwambia mtu yeyote kwamba ni posa. Pia sikumwambia mtu yeyote kwamba ni semina. Nilimwacha kila mmoja atazame kwa macho yake. Wazee wakatazama. Wakaona mzee wa mvi na miwani anatangulia. Nyuma yake kijana amebeba masanduku, jasho linamtiririka, hasemi. Wakaona sukari na sabuni ambazo taasisi huwapa wenyeji wake. Wakatazamana, wakarudi majumbani kuvaa makoti.

Tukala. Kisha Profesa akazima mwanga kwa kuziba madirisha na magunia ya kahawa, akatuonyesha minyoo. Mzee Placidi, ndugu yake Baba, alishtuka, lakini akaniambia kimya kimya kwamba kila kabila na desturi yake, huenda Wapare huanza na minyoo.

Profesa akakaribisha maswali. Shangazi, mwanamke pekee ambaye wazee humruhusu sengu, akasimama.

“Yule kijana wa nyuma ni nani wako?”

“Ni mwanafunzi wangu, mama.”

“Anakunywa?”

“Chai, mama.”

“Kwao ameacha mke?”

“Hapana, sijasikia.”

“Akimtesa mtoto wa watu, tukufuate wewe?”

Profesa akaniinamia. “Mwenyekiti, haya ni maswali ya udongo?”

“Udongo tumeumaliza, Profesa.”

“Na mimi hapa ni nani?”

“Mshenga.”

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Nikalikumbuka shinikizo lake la damu na nikaanza kujuta. Alimtafuta Rodrick kwa macho, Rodrick alikuwa amechuchumaa nyuma ya jenereta kana kwamba imeharibika. Profesa akarudisha miwani usoni. “Ungeniarifu mapema ningeleta picha zake,” akasema. Kisha akasimama upya, safari hii bila fimbo yake ya kuonyeshea ukutani.

Akasema, “Mama, nina mabinti watatu. Wa kwanza nilimwoza kwa kijana aliyejisemea vizuri sana, wala sikuuliza hata swali moja kati ya haya uliyoniuliza. Amerudi nyumbani. Huyu wangu namjua. Injini ya boti ilipotufia katikati ya ziwa alipiga kasia mpaka tukafika nchi kavu, bila kulalamika, ingawa alitueleza habari za samaki njia nzima. Kuna mtu ofisini kwangu ambaye humwekea chai pembeni kila Jumatano. Anadhani sioni. Siku akimtesa, nifuateni mimi. Nyumba yangu haina geti.”

Shangazi akauliza la Ulutheri. Hapo kijana akaitwa. Alitoka nyuma ya jenereta na grisi shavuni, akasema, “Nitakwenda kwa padre wenu nimsikilize.” Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Shangazi naye, nadhani, ndiyo maana alikaa ghafla. Kisha akaguna. Ule mguno mwingine wa kuridhika, ambao hatujausikia tangu harusi yangu.

Ignatio akaomba kusema.

“Shangazi, nashukuru. Nilikuwa sijui nitaachaje kuja. Nina mchumba wangu kule Litumbandyosi.”

“Mbona hukusema siku zote hizo?”

“Hukuniuliza, Shangazi. Ulikuwa unanikaribisha chai.”

Kesho yake baada ya misa Profesa alitaka kuziona ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni. Nikampa Rodrick mundu. Alikata nyasi, akazipanga shambani mistari ya kukingamana kama anavyofanya kila mwanaume wa huku, mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Mistari yake imepinda. Ni mistari ya mtu anayewaza mambo mengine. Kwetu mwanaume hupanga nyasi na mwanamke huzifukia kwa udongo, kwa hiyo wifi yako akachukua jembe aanze. Nikamzuia.

Maana niligundua jambo wageni walipokwisha ondoka. Wazee waliulizwa. Profesa aliulizwa mpaka akatoa jasho. Hata Ignatio tulimuuliza. Wewe hakuna aliyekuuliza, nami ndiye niliyepanga viti.

Basi kile kipande cha chini karibu na kijito nimekiacha. Nyasi zake ziko wazi. Ukija ukazifukia, tutajua. Usipokuja nitawafungulia mbuzi, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayekuuliza neno. Shangazi nimemalizana naye, na haikuwa kazi nyepesi. Maharage ya kupanda hapo yanaweza kungoja mpaka katikati ya Aprili, zaidi ya hapo hayaelewani na mtu.

Mimi mwenyewe sina maoni. Ila nakujulisha kwamba Mama ameanza kuchuma majani ya kikohozi ya watu wawili.

Kaka yako,
Kilian


Mbamba Bay,
2 Aprili 1997

Kaka Kilian,

Shikamoo. Barua yako ilifika kwa siku mbili tu. Nashindwa kuamini, nadhani dereva huyo ni mgeni.

Nimeisoma ofisini, jogoo akinitazama. Bwana Rodrick alipita mlangoni kwangu asubuhi yote akitafuta karatasi ambazo zilikuwa mkononi mwake. Sikumwambia kilichoandikwa. Nilimuuliza tu: nyasi za ngolo zikiachwa wazi juani zinaweza kuvumilia siku ngapi kabla hazijafukiwa? Akasimama. Akaanza kueleza. Alieleza habari za jua, akaeleza habari za kuoza, akaeleza mpaka chai ikapoa, na mimi sikumkatiza.

Nimeomba ruhusa. Profesa ameandika kwenye sababu, “Uchunguzi wa shambani,” na akaniuliza kama mshenga anaruhusiwa kuhudhuria. Nimemwambia abaki kulinda ofisi.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo na lori la usipa. Msipike kitu wala msiite mtu. Jike hupita kwanza akikagua, na wewe umeniambia mapema kwamba mistari imepinda.

Ila mwombe wifi Notburga aninolee jembe. Na wewe funga mbuzi.

Mdogo wako,
Getrude